Mcheza Kwao Hutunzwa



Upo msemo ambao kila mtu wa pwani anaujua tangu utotoni: mcheza kwao hutunzwa. Asili yake ni ngoma. Mtu anapocheza mbele ya watu wake, wenzake humwendea uwanjani. Mmoja humpa noti, mwingine humtandika khanga begani, wa tatu humpangusa jasho usoni. Hayo si malipo, kwa maana aliyecheza hakuajiriwa na mtu. Ni namna ya jamii kutamka hadharani kwamba huyu ni wetu, na alichokifanya kimetuheshimisha.

Lakini msikilize vizuri anayeusema msemo huo. Wengine husema hutuzwa, wengine husema hutunzwa, na wazee hawakosani kwa ajili hiyo. Nami nimeona kwamba herufi hiyo moja inatenganisha mambo mawili yaliyo tofauti sana. Kutuza ni kumpa mtu zawadi baada ya kucheza. Kutunza ni kumwangalia mtu kabla hajacheza, ili awe na nguvu, na nafasi, na saa ya kuchezea. Jamii yaweza kuwa hodari katika la kwanza na dhaifu katika la pili.

Wiki hii napenda tuyatafakari maneno haya mawili kwa njia ambayo huenda msomaji hakuitegemea katika ukurasa huu. Tutazame timu ya mpira wa miguu ya wanawake ya hapa kwetu Mtwara, na msimu iliocheza katika Ligi Kuu ya nchi yetu.

Ukimwuliza mtu wa Mtwara, "Msimu umeanzaje?", hatakujibu habari za mpira. Atakujibu habari za korosho: kama maua yalipona ukungu, kama magunia yamepatikana kwenye chama cha msingi, na mnada wa kwanza umetoka kwa bei gani. Kuanzia Oktoba hadi kufunga mwaka, mkoa mzima hupumua kwa pumzi ya korosho. Fedha zikishaingia mikononi, ngoma hulia, harusi hufungwa, na watoto wanaotoka unyagoni hutandikiwa khanga mpya njia nzima. Hakuna mwenye haki ya kusema kwamba watu wa Mtwara hawajui kutuza.

Basi katikati ya msimu wa korosho, mwezi Novemba 2016, ulianza msimu wa namna nyingine. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilianzisha kwa mara ya kwanza Ligi Kuu ya Wanawake. Timu zilikuwa 12, nazo ziligawanywa katika makundi mawili ya timu sita sita. Kundi B lilikuwa na Marsh Academy ya Mwanza, Baobab Queens ya Dodoma, Panama ya Iringa, Sisterz ya Kigoma, Majengo Women ya Singida na Kagera Queens ya Kagera. Kundi A lilikuwa na JKT Queens, Evergreen Queens na Mburahati Queens, zote tatu za Dar es Salaam, pamoja na Mlandizi Queens ya Pwani, Fair Play ya Tanga na Viva Queens ya Mtwara.

Naam, Viva Queens ya Mtwara. Katika timu 12 za kwanza kabisa za ligi hiyo, moja ilikuwa yetu. Nimewahi kuwauliza vijana wa parokia, wale wanaoweza kukutajia kikosi cha Simba au cha Yanga tangu mlinda mlango hadi wachezaji wa akiba, kama wanaijua Viva Queens. Wengi walinitazama kama niliyetaja jina la kijiji cha mbali. Ndanda FC wanaikumbuka, na ni haki yao kuikumbuka, maana wanaume wale walipanda Ligi Kuu mwaka 2014 wakadumu humo hadi 2020, na siku za mchezo mji ulihamia Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Lakini dada zao, waliokuwa katika ligi kuu ya wanawake miaka hiyohiyo ya Ndanda, wamesahauliwa kana kwamba hawakuwahi kuvaa jezi.

Tuisome tena ile orodha ya Kundi A, safari hii kwa jicho la msafiri. Timu tatu ziko katika jiji moja. Ya nne iko Mlandizi, kando ya barabara ya Morogoro, mahali ambapo mtu wa Dar es Salaam huenda na kurudi siku hiyohiyo bila kubeba mswaki. Kwa hiyo timu nne kati ya sita ziliweza kufikiana kwa basi dogo, na kila mchezaji akalala kwao. Ya tano, ya Tanga, ilikuwa na safari ndefu kiasi. Ya sita ilikuwa Mtwara, kilomita zipatazo 560 kusini mwa Dar es Salaam, na ili kuifikia Tanga ilipaswa kuvuka jiji zima na kuendelea kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 900 tangu nyumbani.

Anayeijua barabara yetu ya kusini haitaji kuelezwa zaidi. Wazee wanakumbuka miaka ya kusubiri kivuko kwenye mto Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Na hata sasa, penye lami, maji yana namna yake ya kutukumbusha tulipo: mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipopita, barabara ilikatika huko Somanga, na kusini yote ikabaki ikitazamana na Dar es Salaam bila njia ya kupita. Hebu fikiri timu ya wasichana katika mazingira hayo. Kuna nauli ya watu zaidi ya 20, kuna malazi, kuna chakula cha njiani, na kuna siku za shule au za kazi zinazopotea. Kila mchezo wa ugenini kwao ulikuwa ni safari ya kikazi, wakati kwa wapinzani wao mingi ilikuwa matembezi ya alasiri. Wote walihesabiwa pointi tatu kwa ushindi, lakini hawakulipa bei moja kuzitafuta.

Kombe la msimu huo wa kwanza lilikwenda Mlandizi. Msimu wa 2018/19, ligi ilipochezwa tena na timu 12, Mtwara haikuwamo. Baadaye jirani zetu wa Lindi walipeleka Amani Queens katika ligi hiyo, nasi tuliifurahia kama ndugu wanavyofurahia harusi ya nyumba ya pili. Lakini harusi ya jirani, hata ikifana namna gani, haijazi chungu chako.

Sasa, mtu aweza kusema kwa wepesi kwamba hao mabinti hawakuwa na uwezo, na mpira ni wa wenye uwezo. Tusikubali jibu hilo kabla ya kulipima. Timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika nchini Afrika Kusini mwaka 2010. Ilifungwa michezo yote mitatu, lakini ilifika, na ilifika wakati nchi haina ligi kuu ya wanawake hata moja. Mwezi Septemba 2016, majuma machache kabla ya ligi kuanza, Kilimanjaro Queens, timu ya wanawake ya Tanzania Bara, ilitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mjini Jinja, Uganda, kwa kuifunga Kenya mabao 2 kwa 1 katika fainali. Wasichana hao walikuwa mabingwa wa ukanda mzima kabla nchi yao haijawapa ligi kuu ya kuchezea. Uwezo ulitangulia, na matunzo yalikuwa bado njiani.

Matunzo yalipokuja, tuliona matokeo yake. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda India kwenye Kombe la Dunia, wakaifunga Ufaransa, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Mwaka huohuo Simba Queens ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake huko Morocco, ikamaliza ya nne. Clara Luvanga, aliyewahi kuichezea Yanga Princess, alikwenda Hispania na kisha Al-Nassr ya Saudi Arabia. Mwezi Julai 2025 Twiga Stars ilirudi katika fainali za Afrika, zilizochezwa Morocco, ikatoka sare ya bao 1 kwa 1 na Afrika Kusini, iliyokuwa imeingia humo ikiwa bingwa mtetezi. Hayo yote yamefuata baada ya kuwapo ligi. Na ligi hiyo, ndugu zangu, ilianzishwa na timu 12, na mojawapo ilitoka hapa kwetu.

Lakini tazama pia ni nani waliovuna. Baada ya ubingwa wa Mlandizi, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2024/25, kombe limezunguka baina ya timu mbili tu: JKT Queens mara nne, Simba Queens mara nne. Je, ni kwa sababu mabinti wenye vipaji huzaliwa Dar es Salaam tu? Hapana. JKT Queens ni timu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Ni taasisi yenye kambi, yenye jiko lake na yenye ratiba, na saa ya mazoezi ikifika hakuna anayemwita mchezaji akachote maji. Simba Queens ina nyuma yake klabu kubwa, yenye wadhamini na mashabiki nchi nzima. Kinachotofautisha timu hizo na zilizopotea ni kwamba mchezaji wao ametunzwa kwanza, ndipo akatuzwa. Mlandizi, mji mdogo, ulituonyesha mara moja kwamba moyo waweza kushinda. Miaka iliyofuata imetuonyesha kwamba moyo peke yake huchoka.

Tusidhani pia kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao. Nchini Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake wa kiwanda kimoja mjini Preston waliunda timu iliyojulikana kama Dick, Kerr Ladies. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza mjini Liverpool mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha mpira cha nchi hiyo kikavikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kikisema mchezo huo haufai kwa maumbile yao. Katazo hilo lilidumu hadi mwaka 1970. Angalia vizuri namna lilivyofanya kazi. Halikuwakataza wanawake kuupiga mpira. Liliwanyima uwanja tu, nao mchezo ukanyauka kwa karibu miaka 50. Ndivyo mambo mengi ya wasichana yanavyokufa hata hapa kwetu: hayazuiwi na mtu, bali yanakosa mahali na saa.

Na hapa niwapeleke pwani, kwa maana mambo haya sikuyajifunza kwa kusoma tu.

Miongoni mwa vigango ninavyovihudumia, kimoja kiko upande wa maingilio ya mto Ruvuma, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 2000 ni hifadhi ya bahari. Waamini wetu huko ni wachache, wanaishi pamoja na majirani zao Waislamu kama vidole vya mkono mmoja, na wote kwa pamoja humsikiliza bwana mmoja, naye ni bahari. Siku za bamvua maji hutoka mbali sana asubuhi, kiasi cha saa nne. Ikiwa ni Jumamosi, wavulana hushuka na mpira wao kwenye mchanga uliobaki mgumu na tambarare, uwanja ambao hakuna halmashauri iwezayo kuujenga. Saa hiyohiyo mama zao na dada zao hupita pembeni ya uwanja huo na ndoo na vikapu, wakielekea mwambani kutafuta pweza na chaza, kwa sababu maji hayatangoja. Nimesimama pale zaidi ya mara moja nikaitazama picha hiyo. Maji yakipwa, mvulana hupata uwanja na msichana hupata kazi. Ni maji yaleyale, yamepwa kwa wote, lakini kila mmoja yamemfungulia kitu kingine.

Kijijini hapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi alianza kuwafundisha wasichana mpira. Alianza na 7, wakafika 19. Mwaka jana ikaonekana kwamba wanaweza kwenda mjini kushiriki mashindano ya mkoa, na binti mmoja wa kidato cha pili, mwenye mguu wa kushoto ambao hata wavulana walikuwa wameacha kuubishia, alikuwa ametajwa kwa majaribio ya kikosi cha vijana cha mkoa. Wazazi wakagawanyika. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao chini ya mwembe, akamwalika ustadhi wa msikiti, akanialika na mimi.

Naomba tusiwadharau wazazi waliokataa. Baba wa yule binti, mvuvi, alisimama akasema: "Baba Paroko, na wewe Ustadhi, mimi simkatazi mtoto kwa ubaya. Mjini ni mbali, gari la jioni halina uhakika, na sisi tuko mpakani." Watu wakanyamaza, maana kila mmoja alijua anasema nini. Tangu mwaka 2017 vita viko ng'ambo ya mto, Cabo Delgado, na mwezi Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Hofu ya baba yule haikutoka katika mila iliyopitwa na wakati. Ilitoka katika jambo alilolisikia kwa masikio yake usiku.

Mwingine aliuliza habari ya mavazi. Mwalimu akajibu kwa utulivu kwamba tangu mwaka 2014 sheria za mpira duniani zinamruhusu mchezaji kufunika kichwa, na kwamba wasichana wake huvaa suruali ndefu za kubana chini ya kaptula. Ustadhi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kwa upande wake swali hilo limejibiwa, na kwamba angependa kusikia lile ambalo halijajibiwa. Nilimheshimu sana kwa neno hilo.

Lile ambalo halikuwa limejibiwa lilitoka kwa mama wa binti. "Ninyi wote mnasema mjini, mjini," alisema. "Mjini ni siku mbili kwa mwaka. Mimi nauliza hapa. Akienda mazoezini saa kumi, maji nani anachota? Jumamosi akicheza, mwambani naenda na nani?" Hakuna mwanamume aliyekuwa na jibu tayari, nami nikiwa mmojawapo. Tulikuwa tumekuja na maneno makubwa ya maadili na usalama, na mama alikuwa ameleta ndoo.

Ndipo aliposimama bibi mmoja, mzee kuliko wote waliokuwa pale, ambaye muda wote alikuwa akisuka ukili bila kuinua uso. Alisema: "Jumamosi za bamvua ni zetu, tutakwenda nao pwani wote. Jumamosi za maji mafu sisi hatwendi mwambani, maji hayatoki ya kutosha. Hizo ziwe zao." Akavuta ukili wake kidogo, akaongeza: "Na maji ya saa kumi, yule kaka yake ana mikono miwili. Nimemwona akidaka mpira kwa yote miwili."

Watu walicheka, na baba wa binti alicheka pia, japo mwisho. Kikao kikakubaliana: Jumamosi za maji mafu ziwe za mazoezi kwenye uwanja wa shule, na siku mbili za juma kaka wa kila mchezaji ashike ndoo. Kuhusu mjini, iliamuliwa kwamba wasichana wasafiri asubuhi, wafuatane na akina mama wawili, na walale kwa ndugu wanaofahamika, si kurudi usiku. Nauli ilichangwa pale pale. Ustadhi alitoa, nami nikatoa, na bibi akafungua pindo la khanga yake akatoa shilingi elfu mbili zilizokunjwa mpaka zikawa kama punje ya mahindi.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yamekwenda sawa tangu siku ile. Kaka wawili wamerudisha ndoo kwa dada zao, na mwalimu amelazimika kwenda nyumba kwa nyumba kuwakumbusha. Mjini timu ilifungwa michezo miwili na kushinda mmoja. Binti wa mguu wa kushoto alifanya majaribio, akaambiwa arudi mwakani akiwa na pumzi zaidi. Baba yake, aliyekuwa amesema mji ni mbali, ndiye sasa humwuliza kama amekimbia ufukweni asubuhi. Sijui kama atafika Ligi Kuu. Najua kwamba Jumamosi mbili kila mwezi ni zake, na kabla ya kikao kile hakuwa na hata moja.

Wapendwa, tukiyaweka pamoja mambo haya, msimu wa Viva Queens na kikao cha mwembeni, naona tunafundishwa mambo matatu.

Kwanza, tukumbuke. Timu isiyo na kombe husahauliwa upesi, na anayesahau huanza upya kila mara, akidhani kwamba jambo hilo halijawahi kufanyika kwao. Binti wa Mtwara anayeambiwa kuwa mpira wa ligi si wa watu wa kusini, anapaswa kujua kwamba ligi ilipozaliwa, Mtwara ilikuwapo. Wanawake wale sasa ni watu wazima, wapo miongoni mwetu, pengine wengine wanauza samaki Feri au wanalea watoto Chikongola, nasi tunapita mbele yao bila kuwasalimu kwa heshima inayowastahili. Ukimfahamu mmoja, mkalishe mbele ya wasichana, awasimulie.

Pili, tusingojee umbali upungue. Mtwara haitasogezwa karibu na Dar es Salaam. Wenye kupanga ratiba za mashindano wanapaswa kuujua umbali huo na kuupimia haki yake, kwa kuwa timu ya pembezoni ikihesabiwa sawa na ya katikati bila kusaidiwa nauli, usawa huo ni wa karatasi tu. Hilo tuliseme bila woga kila tunapopata nafasi. Lakini umbali wa kwanza ambao msichana anausafiri hauanzii stendi ya mabasi. Unaanzia jikoni kwao hadi uwanja wa shule, nao huo ni wetu kuupunguza.

Tatu, na ndilo kubwa, tutunze kabla ya kutuza. Msimu wa korosho ukija, fedha za khanga na za ngoma zitapatikana, kama zinavyopatikana siku zote, nami sina ugomvi na furaha hiyo. Lakini msichana hahitaji kwanza kutandikiwa khanga. Anahitaji saa, yaani saa ambayo ni yake kweli, isiyoibwa na ndoo wala na kikapu, ambayo nyumba nzima imekubaliana kuwa ni yake. Saa hiyo hainunuliwi kwa korosho, wala haingojei mdhamini kutoka mjini. Hutolewa na watu wa nyumba moja, kila mmoja akiongeza kidogo mzigo wake ili wa mwingine upungue.

Basi kwa wiki hii nawaachieni kazi ndogo, na ninaielekeza hasa kwa akina baba na kwa kaka. Hesabu saa za binti aliye nyumbani kwako, tangu alfajiri hadi anapolala. Andika kila saa ni ya nani: ya shule, ya maji, ya kuni, ya wadogo zake, ya bahari. Kisha tazama ni ngapi zilizo zake mwenyewe. Ukikuta hakuna, usianze na hotuba. Chukua ndoo.

Nawatakieni Dominika njema na wiki yenye amani.